Nyumba Tatu, Mkate Mmoja

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, na kazi yangu ilikuwa shuka. Hoteli yetu ilikuwa juu ya mji wa Lushoto, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka sokoni, na mwenyewe alikuwa mama wa Kizungu, mjane, aliyekuja milimani na mumewe miaka mingi kabla sijazaliwa. Nilifua, nikapiga pasi, nikatandika vitanda ishirini na sita kila siku ya Mungu. Nilivijua vitanda vile kimoja kimoja kwa milio yake.

Mwaka wa pili baada ya Uhuru, yule mama alituita jikoni wafanyakazi wote wanane akatuambia anarudi kwao. Jengo lingekuwa chuo. Fedha za kutuaga hakuwa nazo, ila vitu vyote vya ndani vilikuwa vyetu: vitanda, magodoro ya sufi, mablanketi ya kijivu, shuka, masufuria, vyombo vya udongo, taa. Tugawane wenyewe kwa amani. Wiki ile ile akashuka Mombo kupanda treni, nasi tukabaki tunatazamana katikati ya mali ambayo jana tulikuwa tunaifuta vumbi tu.

Mgao ulianza siku hiyo hiyo. Mpishi mkuu, mzee Mwislamu wa kutoka Mlalo ambaye sote tulimwita Baba Mpishi, ndiye aliyesimamia, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumbishia. Mimi niliangukiwa na vitanda vitatu na magodoro yake, mablanketi sita na mto mmoja wa ziada. Mtunza bustani alikwisha anza kufungua kitanda chake kwa bisibisi. Nilimtazama anavyokizungusha kile chuma, na roho ikaniuma kwa namna nisiyoitegemea. Vitanda vile vikienda kila kimoja kwenye nyumba yake kijijini vingekuwa vitanda tu. Pale pamoja vilikuwa hoteli.

Nikasema. Mpaka leo sijui nilipata wapi ule ujasiri, maana nilikuwa mdogo kuliko wote na mwanamke. Niliwakumbusha wageni waliokuwa wakitufikia jioni wamekunja nyuso. Walikuwa wamelala Mombo kwenye vyumba vyenye kunguni, au wamekaa Soni juu ya mizigo yao wakisubiri gari, na wote walikuwa na neno moja: laiti ningejua. Msafiri hachoshwi na safari kama anavyochoshwa na mlango asioujua. Sasa sisi tunajua kutunza watu, na vitanda tunavyo. Tusivigawe. Tuweke vingine Mombo, penye stesheni na baridi haipo. Vingine Soni, katikati ya kupanda mlima. Vingine Lushoto mjini. Nyumba tatu, ila iwe kama nyumba moja. Aliyelala kwetu chini akifika juu asiwe na swali.

Msaidizi wa mpishi akasema afadhali nyumba moja nzuri kuliko tatu za kubabaisha. Wengine wakakubaliana naye, na kusema kweli hoja yake ilikuwa na uzito. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Baba Mpishi akaniuliza jambo moja tu.

"Binti, nyumba moja ikikosa wageni wiki nzima, tutakula nini?"

"Tutakula za zile mbili, Baba," nikamjibu. "Na zile zitatuma wageni kwa hii."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kisha akamwambia mtunza bustani akifunge tena kile kitanda.

Habari ilifika nyumbani Mgwashi kabla yangu. Baba yangu alikuwa mkulima, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, mtu aliyeamini kwamba mali ya kweli ni ile unayoweza kuipanda mbegu. Jumamosi iliyofuata alifika Lushoto na kaka zangu wawili na kamba. Walikuja kuvichukua vitanda vyangu wavibebe kichwani mpaka nyumbani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akakaa kwenye kitanda kimojawapo kana kwamba anapima kama kitamfaa.

Alinieleza kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Vitanda vitatu vilitosha kununua kipande cha shamba kilichopakana na letu. Shamba halikimbii. Hawa watu saba nisiokuwa na damu nao, wengine wa dini nyingine, wa vijiji vingine, nani angeniambia kesho watasema vitanda vilikuwa vyao? Kaka zangu walikuwa wamesimama mlangoni na kamba zao wakitazama chini.

Nilimwambia, "Tate, nikivipeleka nyumbani vitakuwa vitanda vitatu. Hapa nina sehemu katika ishirini na sita."

Akaniuliza kama sehemu inalalika. Nikachukua blanketi lililokuwa karibu, nikalikunja. Alisimama, akakung'uta suruali yake, akawaambia kaka zangu wakunje kamba. Hakunibariki, hakunilaani. Aliondoka vile vile alivyokuja, na mimi nikakaa pale alipokuwa amekaa, nikiwa na furaha ambayo niliionea haya.

Basi tukaanza. Nyumba ya Soni ilitoka kwa shangazi yangu, mjane aliyeuza mboga kando ya barabara. Alikuwa na nyumba ya bati yenye vyumba vitano na watoto wake wote walikuwa wameoa na kuolewa. Hakutaka kodi. Alisema sisi tumeweka vitanda, yeye anaweka paa, naye ahesabiwe kuwa mmoja wetu. Hapo ndipo neno hisa lilipoingia midomoni mwetu. Nyumba ya Mombo tuliipata kwa mke wa marehemu mdogo wake Baba Mpishi, mama mnene mcheshi, mpishi hodari, ambaye baadaye wasafiri wote wa reli walimwita Mama Mombo. Naye akaingia kwa hisa ya nyumba. Seremala wa Soni akatengeneza milango na viti, akaomba hisa badala ya ujira. Lushoto mjini tulipanga duka la zamani lililokuwa na ua na kisima. Tuliokuwa wanane tukawa kumi na mmoja.

Nilikuwa nashuka na kupanda barabara ile kwa lori la mboga mara tatu kwa wiki, nimekaa juu ya kabichi, nikihesabu kona. Sikumbuki wakati mwingine maishani niliopata kuwa na furaha ya namna ile. Kila kona ilinijia na wazo jipya. Nilikuwa nafika Mombo nimejaa maneno mpaka Mama Mombo ananipa maji kwanza ninywe ndipo niseme.

Lakini kufanya nyumba tatu ziwe kitu kimoja haikuwa rahisi kama nilivyosema jikoni. Lushoto usiku ni mablanketi mawili na unataka la tatu. Mombo ukimpa mtu blanketi atadhani unamtania. Kule anataka chandarua, huku anataka maji ya moto. Mama Mombo alipika wali wa nazi na samaki wa kukaushwa, shangazi alipika bada, ugali wa muhogo, na maharage, Lushoto tulikuwa na viazi. Tuliketi siku nzima Soni tukijiuliza ni kitu gani hasa mgeni atakiona kila mahali aseme, hawa ni wale wale. Seremala akataka tupake milango yote rangi moja. Tulifanya hivyo, tukapaka kijani. Mtunza bustani, ambaye sasa alikuwa mlezi wa nyumba ya Lushoto, akataka kila mgeni apewe chai ya tangawizi kabla hajaulizwa jina. Tulikubali hilo pia.

Baba Mpishi hakusema kitu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mkate."

Yule mama wa Kizungu alimfundisha kuoka mkate mweusi mzito wenye ganda gumu, ambao ukiukata unatoa harufu inayomfanya mtu aache anachofanya. Angeuoka Lushoto alasiri, na asubuhi lori la mboga lingeushusha Soni na Mombo. Ukiwa Mombo na jasho lako, au Lushoto umejikunyata, asubuhi utakula mkate ule ule, uliotoka tanuri moja, na asali ya milimani. Tulicheka kwa sababu lilikuwa jambo dogo sana, na kwa sababu lilikuwa ndilo lenyewe.

Tukafungua. Siku ya kwanza Soni hakuja mtu. Siku ya pili hakuja mtu. Siku ya tatu alikuja bwana shamba mmoja, na mwalimu mwenye baiskeli aliyetaka kuwekewa baiskeli ndani ya chumba, tukaiweka. Mombo ndiyo iliyojaa kwanza, kwa sababu ya treni. Nami nilikuwa Soni, ukumbini, ninapiga pasi foronya, aliposhuka kwenye basi mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Tanga. Hakutazama kushoto wala kulia. Alivuka barabara moja kwa moja mpaka kwenye mlango wetu wa kijani. Shangazi akampa chai. Akanywa, akatazama kuta, akauliza kama hii ni nyumba ya yule mama wa Mombo.

Shangazi akamwambia ndiyo, ni moja.

"Basi nipeni chumba," akasema. "Sina haja ya kukiona kwanza."

Niliacha pasi nikatoka nje ya nyumba. Nilikwenda mpaka nyuma, penye migomba, nikasimama peke yangu nikicheka kama mwendawazimu. Niliporudi, foronya ilikuwa imeungua alama ya pasi.

Tangu hapo mambo yalikwenda mbio. Wasafiri walianza kutumana. Mtu akilala Lushoto alitaka tumwandikie kikaratasi cha kuwapelekea Mombo wamwekee kitanda cha dirishani, nasi tulikipeleka na dereva wa lori pamoja na mikate. Kulikuwa na nyumba nyingine za wageni, na baadhi zilikuwa nzuri kuliko zetu. Moja pale Lushoto ilikuwa na bafu la ndani. Lakini mgeni hakuijua mpaka aifikie. Yetu alikwisha ijua tangu chini.

Baba yangu alikaa miezi mingi bila kuja. Kisha mvua za vuli zikaharibu barabara ya Mgwashi, naye alikuwa na magunia ya maharage aliyotaka kuyafikisha Mombo. Akalazimika kulala Soni. Sikuwepo; haya nilisimuliwa na shangazi, dada yake. Alilipa kitanda kama mgeni yeyote, akakataa kupunguziwa. Asubuhi alikula mkate, akashuka Mombo, akalala tena kwa Mama Mombo, akaletewa mkate. Anasema shangazi kwamba aliporudi Soni aliugeuza ule mkate mkononi, akauliza ni nani aliyefikiria kuupeleka mpaka kule chini. Akaambiwa mambo ya nyumba tatu yalikuwa ya binti yake, mkate ulikuwa wa mzee wa Mlalo. Akaumaliza ule mkate. Baada ya mavuno yaliyofuata alileta magunia manne ya maharage kwenye nyumba ya Lushoto, akaniambia bila kunitazama usoni kwamba maharage yale si ya kuuza, ni hisa. Nikamwambia hongea, tate, kwa Kishambaa, kama alivyotufundisha kushukuru tulipokuwa wadogo. Akasema nisimshukuru, nimwandike.

Azimio lilipotangazwa tulisikiliza redio kwenye ukumbi wa Lushoto pamoja na wageni. Kila mtu alikuwa na lake la kusema. Mwalimu mmoja aliimba. Mimi nilifurahi kama wengine, ila nilimwona Baba Mpishi amekunja uso. Baada ya majuma machache nilielewa. Watu walianza kunong'ona kwamba sisi ni mabepari, tuna nyumba tatu, na mtu mwenye nyumba tatu anajulikana anaitwa nani.

Akatumwa afisa kutuangalia. Alikuwa kijana wa rika langu, mwenye suti ya shati lenye mifuko minne, mpole wa maneno na mkali wa macho. Hakutangaza. Alilala Mombo, akalala Soni, akalala Lushoto, analipa na kunyamaza. Asubuhi ya tatu, baada ya kifungua kinywa, akajitambulisha akaomba kuonana na mwenye hoteli.

Tulikuja wote tuliokuwepo. Alitutazama tulivyojaa ukumbini: mpishi na unga mikononi, mtunza bustani, mimi na kapu la nguo. Akasema tena, kwa adabu, kwamba anamtaka mwenyewe.

"Ndugu, ndio sisi," Baba Mpishi akamjibu. "Tuko kumi na wanne. Wengine wako Soni na Mombo wanatandika vitanda."

Afisa akataka kujua nani ana nyingi kuliko wengine. Tukamweleza kila mmoja aliweka nini: vitanda, paa, milango, maharage. Akataka kujua nani huamua. Tukamwambia tunaamua Soni, kila mwisho wa mwezi, na mtu mwenye gunia moja ana kauli sawa na mwenye nyumba. Akauliza kama kuna mtu anayevuna asipofanya kazi. Hapo nilimjibu mimi, nikamwambia aje kunisaidia kufua kama anataka kujua. Kwa mara ya kwanza akacheka. Akasema hili si shirika la bepari, ila pia halijaandikishwa popote, kwa hiyo kwa serikali halipo kabisa. Akatuelekeza namna ya kuwa ushirika. Tukaandikishwa. Siku cheti kilipofika Baba Mpishi alioka mikate midogo, akaigawa sokoni bure.

Ni afisa huyo huyo aliyetuletea jambo kubwa kuliko yote. Semina ya watu kutoka mikoa yote ingefanyika Lushoto, ya kuhifadhi udongo wa milimani, watu arobaini kwa siku nne. Wakubwa wake walitaka watu walale Tanga kwenye hoteli kubwa, wawe wanaletwa milimani kwa basi. Yeye aliwaambia kuna ushirika unaoweza. Alikuja kutuambia hivyo baada ya kwisha kuahidi. Vitanda tulikuwa navyo thelathini na vinane kwa nyumba zote, na wageni wa kawaida wako ndani.

Kwa majuma mawili sikutembea, nilikimbia. Seremala alitengeneza vitanda vipya. Wake wa wakulima wa Soni, ambao hawakuwa wanachama, walituazima mablanketi, kila moja nikalishonea uzi wa rangi yake lisipotee. Tulipanga wageni wote wapokelewe Mombo kwa treni, wale chakula cha mchana kwa Mama Mombo, kisha wapande kwa mabasi mawili. Kumi na wanane washuke Soni, waliobaki waendelee Lushoto.

Siku ile mvua ilianza kunyesha alfajiri. Saa nane mchana nilikuwa Soni, nimevaa gauni langu la kanisani, chai imeiva. Basi la kwanza likafika likiwa limejaa tope. Watu ishirini wakashuka, tukawapokea. Tukasubiri la pili. Saa tisa akaja dereva wa lori kwa miguu, ameloa, akasema mlima umeshuka chini ya Soni. Udongo na miti vimeziba barabara. Basi la pili liko upande wa chini, halijaguswa, limegeuza linarudi Mombo. Na juu, njia ya Lushoto, tulikwisha pata habari kwamba daraja dogo limefunikwa na maji.

Afisa alikuwa amekuja na basi la kwanza. Nilimwona anavyokuwa mweupe midomoni. Alisema wakubwa watasema walimwambia. Aliketi kwenye benchi la shangazi akashika kichwa.

Mimi, sijui niseme nini, nilikuwa nimewaka. Nilimwambia kwamba hakuna kilichoharibika. Wageni ishirini wako kwetu Soni, wageni ishirini wako kwetu Mombo. Wangekuwa Tanga wangekuwa wapi sasa? Katikati ya barabara. Tatizo lilikuwa moja tu: Soni vilikuwepo vitanda kumi na vinane, Mombo vitanda kumi na viwili, na vile vipya vyote nilikuwa nimevipeleka Lushoto.

Shangazi alivaa khanga yake ya mvua akatoka nje. Alipita nyumba kwa nyumba, Wakristo na Waislamu, akiwaambia wenye kitanda cha ziada wakilete. Kabla ya jua kuzama vililetwa vinne. Nami nilichukua wanawake saba, tukafunga mablanketi na magodoro mepesi kwenye mikeka, tukabeba kichwani, tukashuka kwa miguu. Pale mlima ulipokatika tulipita juu, msituni, tukishikana mikono, matope hadi magotini, huku mmoja wetu akianza wimbo wa mavuno na wengine wakiitikia. Upande wa pili dereva wa basi alikuwa amekwisha pelekewa habari. Alitusubiri, akatushusha Mombo. Mama Mombo alipotuona akasema amekwisha walisha, na kwamba mkate umetosha kwa sababu lori lilikuwa limetangulia. Wanaume ishirini wenye vyeo vyao walisimama kutupokea mizigo. Mmoja, mtu mzima wa kutoka Dodoma, aliniambia hajawahi kuona hoteli inayomfuata mgeni kwa miguu.

Semina ilianza asubuhi yake katika vipande viwili, nusu Soni, nusu Mombo. Afisa alishinda akivuka ule udongo kwenda na kurudi na madaftari ya kila upande. Wote walipata somo ambalo hakuna mtu aliyelipanga: walikuja kujifunza jinsi mlima unavyomomonyoka, wakaenda kuutazama ukiwa umemomonyoka, bado unatoa harufu ya mizizi. Siku ya tatu barabara ikafunguliwa, wakapanda Lushoto wote, na niliwatandikia vile vitanda vipya mimi mwenyewe.

Baada ya hapo barua zilikuja kutoka wizara hii na ile, na hatukuwa tena na wiki ya kukaa bila watu. Mwaka ule tuligawana kwa mara ya kwanza kitu cha maana, na bado tukabaki na cha kujengea nyumba ya nne.

Wapi? Mkutano ulijaa Soni mpaka watu wakakaa nje. Wanachama wapya wengi walikuwa wa kwetu, Mgwashi, walioingia kwa kumfuata baba. Walitaka nyumba iwe Mgwashi, na mmoja wao alisimama akasema kwa kuwa mwanzilishi ni binti wa Mgwashi, ni haki. Walinitazama. Nilijua kila uso. Nikasimama nikawaambia ninayoyaona kila siku barabarani: kwamba Mgwashi watu wanatoka na kurudi, hawapiti. Bumbuli ndiko kuna hospitali, na ndugu wa wagonjwa wanalala chini ya miti nje ya wadi, akina mama na mizigo yao, wengine wametoka mbali. Hao ni wasafiri wasio na pa kuchagua. Tuwape pa kuchagua.

Kulikuwa na manung'uniko. Mjomba wangu mmoja akasema nimesahau nilikotoka. Ndipo baba yangu aliponyanyuka kutoka nyuma, na chumba kikatulia, maana kila mtu alijua kama kuna mwenye kudai Mgwashi ni yeye. Alisema kwa sauti yake ile ya upole kwamba anaipenda Mgwashi, lakini maharage yake hakuyaweka kwenye mapenzi. Kisha akanyoosha mkono kwa ajili ya Bumbuli. Mikono ikafuata mmoja mmoja, mwisho hata ya mjomba.

Tulijenga kwa miezi mitano. Mlango tuliupaka kijani. Siku ya kufungua Baba Mpishi alikuja mwenyewe na mikate mapajani, ingawa alikwisha kuwa mzee wa kushikwa mkono. Mgeni wa kwanza alikuwa mwanamke kutoka Zirai, mbali kule upande wa Muheza, aliyemleta mama yake kupasuliwa macho. Alikuwa amelala nje siku mbili. Alisimama kizingitini akiogopa kukanyaga sakafu mpya kwa miguu yenye tope, akauliza kama mahali hapa ni pa watu wa namna gani. Nikamwamkia, nikampokea mzigo, nikamwambia aingie anywe chai kwanza, jina atatuambia baadaye.